Kozi ya udaktari, nusu simuni nusu darasani: namna ya kuianzisha Lubumbashi

Mara nyingi kitivo kikitangaza kwamba masomo yamehamia mtandaoni, kilichofanyika ni kwamba silabisi (kijitabu cha somo) ya kurasa 180 imegeuzwa PDF na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp. Hiyo ni fotokopi isiyo na karatasi. Ufundishaji mseto una sharti moja ambalo ukiliacha kila kitu kinaharibika: saa ambayo mwanafunzi anasikiliza somo kwenye simu yake lazima iondolewe kwenye ukumbi wa mihadhara, kisha arudishiwe ikiwa saa ya kazi ya mikono. Aitumie kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya mwanasesere wa mazoezi, au mezani na wenzake watano wakibishana juu ya kesi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliounganisha tafiti 56 za elimu ya udaktari, ulikuta wanafunzi wa mseto wanazidi kwa maarifa wale wa mihadhara mitupu. Ila tafiti zenyewe zilitofautiana sana, na ndiyo maana mwongozo huu haubishanii kama mseto unafaa. Unaeleza jinsi ya kuutengeneza katika mji wenye delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), wenye promosyo (madarasa ya mwaka mmoja) za watu mia na zaidi, na wanafunzi wanaonunua mega za intaneti kidogo kidogo.

Anzeni kwa kukata saa

Chukueni kozi moja tu. Inayofaa kuanzia ni ile yenye hesabu, hatua au maamuzi yanayorudi kila siku wodini: malaria kali ya watoto, kumsaidia mtoto mchanga apumue, kutibu upungufu wa maji, kusoma ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Anatomia iacheni kwanza. Michoro yake ni mingi mno na itawachosha watayarishaji kabla hawajazoea kazi.

Tuseme kozi ina saa 30 za ukumbini. Mwenye kozi akae na shefu wa travo (mhadhiri aliye chini ya profesa) na asistanti wake, wapitie somo baada ya somo wakiuliza: hapa mwalimu anafanya nini ambacho rekodi haiwezi kufanya? Mzunguko wa Plasmodium (kijidudu cha malaria), orodha ya dalili za hatari, dozi za dawa: hayo yarekodiwe. Kutenganisha mtoto aliyezimia kwa malaria ya ubongo na yule ambaye sukari yake imeshuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita (na mara nyingine ni mtoto huyohuyo mmoja) kubaki ana kwa ana. Mkiwa wakali mtapata saa 10 za kutoa. Saa hizo zikirekodiwa zinakuwa kama dakika 210, yaani video 30 za dakika 7, kwa kuwa kwenye rekodi hakuna kuita majina, hakuna kusubiri projekta iwake, wala hakuna kuandikisha sentensi neno kwa neno.

Kisha ziondoeni saa hizo 10 kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, siyo kwenye mawazo yenu tu. Chini ya LMD (mfumo wa Licence, Master na Doctorat) krediti inahesabu kazi yote ya mwanafunzi, ya darasani na ya nje. Ukiongeza video na ukabakiza mihadhara ileile, umempa mzigo ambao hakuna alama inayoulipia, naye atauacha upande ulio rahisi kuachwa: simu.

Kuna jambo ambalo huzungumzwa korido tu. Asistanti analipwa au anahesabiwa kwa saa za kusimama mbele ya watu, na kwa mwalimu anayeuza silabisi, video ya bure inamgusa mfuko. Msipolisema wazi mwanzoni, kozi itakufa bila mtu kuikataa hadharani. Pateni barua ya dekani yenye mambo matatu: saa za kutayarisha rekodi zinahesabiwa kuwa saa za kufundisha (kwa video ya kwanza ya dakika 7 wekeni saa 5, baadaye itashuka hadi 2), saa zilizotolewa kwenye mihadhara zimehamishiwa mazoezi, hazikufutwa, na video ni mali ya nani siku asistanti akihama.

Ulizeni kwa karatasi

Uchunguzi wa vifaa usifanyike mtandaoni. Fomu ya mtandaoni inajibiwa na wenye mtandao, na matokeo yake yanasema kila mtu ana mtandao. Chapeni nusu karatasi, gaweni ukumbini, kusanyeni palepale. Maswali manane yanatosha: simu ni ya nani (yako, ya kaka, ya nyumba nzima), ni Android ya ngapi, imebaki nafasi ya giga ngapi, ina kadi ya kumbukumbu, unaichaji wapi, wiki iliyopita ulikaa siku ngapi bila umeme zaidi ya saa 8, unalala mtaa gani, mtandao upi unashika ndani ya nyumba yako. Swali la mtaa si la udadisi. Anayelala karibu na kitivo na anayelala Ruashi au Annexe hawana uwezo sawa wa kurudi jioni kupakua faili.

Matokeo yanaamua umbo la kozi. Hata kama ni mtu mmoja tu kati ya kumi asiye na simu inayofaa, tayarisheni njia ya pili tangu siku ya kwanza: kompyuta mbili za maktaba zenye video zote, na flashi moja kwa kila kikundi. Angalieni pia Android za zamani. Programu ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ikiongezewa toleo huacha kufanya kazi kwenye baadhi yake, na mwanafunzi hatakuambia. Atanyamaza tu.

Hesabu ya mega

Kipimo cha kazi hii ni mega kwa mwanafunzi kwa wiki. Wekeni kikomo cha mega 60 kwa kozi moja, msikivuke hata kwa video nzuri kiasi gani.

Video ya slaidi yenye sauti, ikibanwa hadi kilobiti 300 kwa sekunde, inakula mega 2 na robo kwa dakika. Ya dakika 7 inafika mega 16. Tatu kwa wiki ni mega 48, na nafasi inayobaki inatosha maswali na kurasa chache za PDF. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 ni mega 1.7 kwa dakika hizohizo 7, kwa hiyo kila video itolewe pia kama faili la sauti kwa wale walioishiwa.

Sasa linganisheni na mkutano wa moja kwa moja. Hata ukibanwa hadi kilobiti 600 kwa sekunde, saa moja ni mega 270, zaidi ya wiki nne za kozi yenu. Na umeme ukikatika dakika ya ishirini, kilichosemwa kimepotea. Mkutano wa video ufae kwa jambo moja tu: mtaalamu aliye mbali, anayeonekana ukumbini kwa projekta kupitia muunganisho mmoja wa kitivo, wanafunzi wakiwa wamekaa mbele yake.

Kubana tumieni programu ya HandBrake, ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Kodeki H.264, ukubwa 854 kwa 480, fremu 10 kwa sekunde, kwa kuwa slaidi hazikimbii, ubora RF 28, sauti AAC ya njia moja, kilobiti 48. Jaribuni kwanza kwenye simu dhaifu kuliko zote mlizokutana nazo. Kama maandishi hayasomeki, tatizo ni slaidi yenye mistari 14. Msiongeze ubora wa video, punguzeni mistari hadi 6, herufi ziwe za ukubwa wa 28 au zaidi.

Picha za eksirei, ECG na tone nene la damu la kupimia malaria hazivumilii kubanwa namna hiyo. Ziambatanisheni kama picha pekee, faili kwa faili, ili mwanafunzi azivute kwa vidole viwili. Na mkipitisha video kwa WhatsApp, itumeni kama dokumenti. Ikitumwa kama video ya kawaida itabanwa mara ya pili, na vijidudu vitageuka ukungu.

Kurekodi bila studio

Simu moja, hedifoni za waya zenye maikrofoni, chumba chenye mapazia na godoro lililoegemezwa ukutani. Maikrofoni ikae kiganja kimoja kutoka mdomoni, kwa upande kidogo, isipigwe na pumzi. Rekodi kati ya Mei na Septemba ukiweza. Mvua za Lubumbashi zikianza, mabati yanamshinda mwalimu yeyote, na jirani akiwasha jenereta hakuna programu itakayoiondoa sauti hiyo vizuri.

Watazamaji hukata mapema kuliko walimu wanavyofikiri. Uchunguzi wa kozi za mtandaoni za edX uliotolewa mwaka 2014, uliopitia vipindi milioni 6.9 vya kutazama, ulikuta kwamba, video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa mtu kuendelea kuitazama haukuzidi dakika 6. Kwa hiyo video moja, swali moja. Usianze kwa salamu na jina la kitivo na historia ya somo. Anza: «Mtoto wa kilo 10 ameletwa saa nane za usiku, anatetemeka, hajui mama yake. Unamchoma nini, mililita ngapi?» Andika maneno yako kabla ya kurekodi (maneno 800 hadi 900 kwa dakika 7 ni mengi ya kutosha), lakini usiyasome kama hotuba. Ukikosea, nyamaza sekunde tatu, rudia sentensi nzima. Atakayehariri ataliona pengo hilo kwenye mchoro wa sauti na kukata hapo.

Usiseme tarehe, usitaje mwaka wa masomo, usiseme «kama nilivyosema jana». Maneno hayo matatu ndiyo yanayoilazimisha kozi irekodiwe upya mwaka unaofuata. Dozi na miongozo inayoweza kubadilika iwekwe kwenye video fupi ya peke yake, ili siku mwongozo ukibadilika utupe dakika tatu, si somo zima.

Maswali yanayotaja kosa

Kila video ifuatwe na maswali matatu hadi matano, na hapa ndipo walimu wengi hufanya kazi ya kulipua. Swali la kuuliza «artesunate ni ya kundi gani la dawa» halimwambii mtu yeyote kitu. Angalieni hili:

Mtoto wa kilo 10 ana malaria kali. Unatayarisha artesunate ya mishipani kutoka kichupa cha mg 60, kwa ml 1 ya bikaboneti na ml 5 za maji ya chumvi. Dozi ya kwanza ni mililita ngapi? A: 1.5. B: 2.4. C: 3. D: 6.

Jibu ni C. Chini ya kilo 20 dozi ni mg 3 kwa kilo, kwa hiyo mg 30. Kichupa kimekuwa ml 6, yaani mg 10 kwa kila ml. Aliyechagua B ametumia mg 2.4 kwa kilo, dozi ya wenye kilo 20 na kuendelea. Aliyechagua A ametumia mchanganyiko wa kuchoma kwenye msuli, wenye mg 20 kwa ml. Aliyechagua D amemchoma kichupa kizima, na huyo mumtafute kabla hajaenda staji (mazoezi ya hospitalini). Kila jibu baya lina jina la kosa, na mwalimu akifungua matokeo Jumapili usiku anajua Jumatatu asubuhi aanzie wapi.

Kwenye Moodle, ruhusuni jaribio lifanywe bila mtandao kupitia programu ya simu. Chaguo hilo lipo kwenye mpangilio wa jaribio, lakini lina masharti yanayowanasa wengi: jaribio lisiwe na kikomo cha dakika, lisifungwe kwa anwani ya mtandao fulani, na mrejesho uwe wa kuja baada ya kumaliza, si baada ya kila swali. Ukiweka hata kimoja cha vizuizi hivyo, mwanafunzi asiye na mega atakuta jaribio halifunguki na hataelezwa vizuri kwa nini. Muda wa kufungua uwe mpana: Alhamisi saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Saa 84 hizo zinavumilia hata delestaji ya siku mbili mfululizo.

Majibu yatazunguka kwenye WhatsApp. Msipoteze nguvu kuyazuia. Jaribio la simuni liwe na asilimia 10 ya alama kwa jumla, lirudiwe mara anazotaka, namba zikibadilika (kilo 10, 14, 18, 22) kutoka benki ya maswali. Anayepewa jibu la kilo 10 wakati swali lake ni la kilo 22 atalazimika angalau kuuliza lilipatikanaje.

Saa mbili za darasani

Wiki ya pili au ya tatu, nusu ya darasa watakuja hawajatazama. Mwalimu ataona nyuso zimeduwaa, atahurumia, ataanza kufundisha upya somo la video tangu slaidi ya kwanza. Siku hiyo mseto umekufa, na hakuna barua ya dekani itakayoufufua, kwa kuwa darasa zima limejifunza kwamba kutotazama hakuna gharama na kutazama ni kupoteza mega bure.

Usifundishe upya. Mgao wa saa mbili uwe hivi. Dakika 10 za kwanza, maswali matatu kwenye karatasi, simu mfukoni. Dakika 20, swali lililoshindwa zaidi simuni linarudishwa kwa njia ambayo Eric Mazur wa Harvard aliitangaza kwa wanafunzi wa fizikia: kila mtu anainua jibu lake kwanza, bila kusema. Kwa hili vipande vinne vya karatasi za rangi vinatosha, huhitaji intaneti. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wabishane na jirani dakika tatu, kisha wainue tena. Wakiwa chini ya 30, eleza wewe, dakika tano, ubaoni. Wakizidi 70, pita. Dakika 70 zinazofuata ni kesi, kwa vikundi vya watu sita, kila kikundi na karatasi moja tu ya kuandikia ili walazimike kukubaliana. Dakika 20 za mwisho, vikundi viwili vinavyopingana vinasimama kutetea uamuzi wao.

Ambaye hajatazama hafukuzwi. Anakaa pembeni ya ukumbi na simu ya kikundi au kompyuta ya kitivo, anatazama, anajiunga akimaliza. Aibu hiyo ndogo inafanya kazi kuliko adhabu, lakini zaidi ya hapo inawalinda wale waliokosa umeme kweli.

Kesi zenu zitumieni pia kwa jambo ambalo silabisi ya Kifaransa haiwezi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anajua kuandika «dyspnée d'effort» (kuishiwa pumzi ukijitahidi) bila kosa, halafu mama wa Katuba akimwambia «nikipanda kidogo tu, roho inakimbia», hajui aandike nini. Rekodini mazungumzo mafupi ya dakika mbili mbili, walimu wakiigiza wagonjwa kwa Kiswahili cha mjini, si cha kitabuni: «kichwa iko inaniuma», «tumbo inanikata». Kazi ya mwanafunzi nyumbani ni kusikiliza na kuandika muhtasari kwa Kifaransa. Kazi ya darasani ni kinyume chake: anapewa muhtasari wa Kifaransa, anamwuliza «mgonjwa» kwa Kiswahili. Faili moja ni chini ya nusu mega, na sijui sehemu nyingine ya kozi inayolipa kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Ujuzi wa mikono: video ifanye hatua mbili tu

Ufundishaji wa mikono wa daktari mpasuaji Peyton una hatua nne. Mwalimu anafanya kwa mwendo wa kawaida bila kusema. Anarudia akieleza kila kipande. Mwanafunzi anaeleza huku mwalimu akifanya. Mwishoni mwanafunzi anafanya huku akieleza mwenyewe. Mbili za kwanza hazihitaji mtu awepo, ziende simuni. Mbili za mwisho haziwezi kurekodiwa, maana zinahitaji mtu wa kusema «hapana, inua kidevu».

Mfano ni kumpa pumzi mtoto mchanga ambaye hajalia. Video inaonyesha kumkausha, kumsisimua, kuweka barakoa, kuanza kupuliza kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe, pumzi kama 40 kwa dakika. Darasani sasa: wanafunzi 180, wanasesere 6, watu 6 kwa kila mwanasesere. Hao ni 36 kwa awamu, awamu 5 za dakika 45, jumla saa 3 na dakika 45. Bila video, hatua mbili za kwanza zingemeza karibu nusu ya kila awamu. Kosa mtakaloliona tena na tena ni barakoa kuvuja pembeni kwa sababu vidole vinakandamiza chini badala ya kuinua taya kuja juu. Video hailitibu kosa hili, ndiyo maana mwalimu asitoke chumbani kupokea simu.

Kisanduku cha bila intaneti

Watu 200 wakipakua faili la mega 16 kwa muunganisho wa megabiti 10 kwa sekunde, kwa hesabu tupu inachukua dakika 43 hakuna mwingine akigusa mtandao. Afadhali faili likae ndani ya jengo. Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) yenye MoodleBox (Moodle isiyohitaji intaneti), au folda tu ya video pamoja na WikiMed ya Kifaransa (makala za tiba za Wikipedia) kupitia Kiwix, programu ya kuzisoma bila intaneti, inatoa Wi-Fi yake yenyewe, na simu zinapakua bila kugusa mega hata moja. Wi-Fi iliyomo ndani ya kisanduku inachoka simu zikizidi ishirini hivi. Unganisheni kwa waya kituo cha Wi-Fi cha nje.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, Moodle ya kisanduku na Moodle ya intaneti hazizungumzi. Unaweza kuhamisha kozi kwa faili la akiba, lakini alama za wanafunzi hazijiunganishi. Amueni tangu mwanzo alama zinakaa wapi (mtandaoni), na kisanduku kibaki ghala la kupakulia. Ya pili, umeme ukikatika ghafla kadi ndogo ya kumbukumbu huharibika, na kwa SNEL, shirika la umeme, ghafla ni jambo la kawaida. Tumieni diski ya SSD ya USB, muwe na nakala ya pili iliyofungiwa kabatini.

Betri ya volti 12 na Ah 100 ya asidi, ikitumika nusu ili isife mapema, ina Wh 600. Kisanduku na kituo cha Wi-Fi vinakula wati 18 hivi: ukitoa upotevu mnapata siku nzima, usiku pia. Projekta ya wati 250 inamaliza betri hiyohiyo kwa saa mbili. Ndiyo maana darasa la hapo juu linatumia karatasi za rangi na ubao.

Wagonjwa si vielelezo vya bure

Simu ya mwanafunzi huhifadhi picha ya WhatsApp kwenye galari, galari huonwa na shangazi, na Lubumbashi si kubwa kiasi hicho. Idhini iwe ya maandishi, isomwe kwa Kiswahili kabla ya kutiwa saini au kidole gumba, na iseme wazi kwamba picha itatazamwa kwenye simu za wanafunzi. Kumruhusu daktari apige picha kwa ajili ya faili si idhini hiyo. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Kateni uso wote, chale, pete, kitenge kinachojulikana. Sauti nayo ni utambulisho. Jina la faili lisiwe jina la mgonjwa, na maelezo yaliyofichwa ndani ya picha (mahali, saa) yafutwe. Hadithi pia inamtaja mtu: «mjane wa mchimba madini wa Kamalondo mwenye mapacha» hana haja ya jina. Badilisheni mtaa, umri na kazi. Congo ina Sheria ya Kidijitali (Code du numérique) tangu Machi 2023, yenye kanuni za data binafsi, na data za afya ni za kushikwa kwa uangalifu kuliko nyingine.

Mtihani, na wiki ya tatu

Mtihani wa mwisho ubaki ana kwa ana. Ukifundisha kwa kesi na mikono halafu ukatahini kwa maswali ya kukariri, wanafunzi watarudi kwenye silabisi ndani ya wiki, nao watakuwa wamehesabu sawasawa. OSCE (mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi anapita kituo baada ya kituo), ambayo Ronald Harden aliielezea Dundee mwaka 1975, inawezekana hata kwa 180: vituo 8 vya dakika 5 na dakika 1 ya kuhama ni dakika 48 kwa watu wanane, kwa mizunguko mitatu sambamba awamu ni 8, yaani saa 6 na dakika 24. Vituo vitatu katika kila mzunguko viwe vya kuandika tu (hesabu ya dozi, kusoma ECG, kusoma eksirei), basi watahini mnaowahitaji ni 15, si 24.

Kituo kimoja kiwe kilekile cha mwaka uliopita, fomu ileile ya alama. Hicho ndicho kitakachowaambia kama mseto umeleta kitu. Fomu ya «ulifurahia kozi?» inaleta furaha ya wale waliobaki.

Wiki ya tatu, Ijumaa, toeni orodha ya ambao hawajaonekana kabisa kwenye Moodle, na shefu wa promosyo (kiongozi wa darasa) awapigie mmoja mmoja kabla ya mwalimu. Msifikiri wote ni wavivu: waliopokea video kwa Xender (programu ya kurushiana faili simu kwa simu) kutoka kwa rafiki hawaonekani kwenye kumbukumbu za mfumo, na aliyetazama bila mtandao haonekani hadi simu yake iunganishwe. Muulizeni kila mmoja maswali mawili: ulitazama kwa njia gani, na nini kilikuzuia kujibu. Simu iliyoibwa, chaja iliyoungua, nywila iliyosahaulika, programu iliyokataa kufunguka: manne haya yanamalizwa na asistanti mmoja aliyekaa na kompyuta na chaja tatu kwenye meza ya aparitora (ofisi ya uandikishaji wa wanafunzi), kila Ijumaa kuanzia saa nne hadi saa sita.

Anayebaki baada ya hapo aitwe na mwenye kozi mwenyewe.